Ukipewa kazi ya kuandika mafanikio ya idara ya sosholojia

Kila mwaka idara za vyuo vikuu humtafuta mtu wa kukusanya habari njema: nani amepata tuzo, nani amechapisha, nani amepanda cheo, mhitimu gani ameteuliwa wapi. Mara nyingi kazi hiyo huangukia mhadhiri mdogo au katibu wa idara, tena kwa muda mfupi, kana kwamba ni kunakili majina tu. Nimeifanya kwa miaka kadhaa katika idara ya sosholojia, na ningependa kuwaambia wenzangu mnaoianza: ichukulieni kama utafiti. Sisi ndio tunaofundisha darasani jinsi heshima inavyogawanywa katika jamii, nani huonekana na nani hufichika. Orodha yetu wenyewe haistahili kurudia yaleyale tunayowafundisha wanafunzi kuyatilia shaka.

Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha makala katika jarida la Science akieleza kwamba sifa za kisayansi huwaendea zaidi wale ambao tayari wanazo. Mwenye jina na asiye na jina wakifanya kazi moja kwa pamoja, wasomaji humkumbuka mwenye jina. Hali hiyo aliiita athari ya Mathayo, kutokana na ule mstari wa Injili unaosema kwamba mwenye kitu ataongezewa. Kinachonigusa zaidi ni namna makala yenyewe ilivyoandikwa. Ilitegemea sana mahojiano ambayo mwanasosholojia wa kike, Harriet Zuckerman, aliyafanya na washindi wa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu, lakini jina lililotoka juu ya makala lilikuwa la Merton peke yake. Baadaye Merton mwenyewe aliandika kwamba kwa haki ilipaswa kubeba majina yote mawili. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter akaitambulisha athari ya Matilda, yaani kazi za wanasayansi wanawake kusahauliwa au kuhesabiwa kuwa za wanaume. Mtu yeyote anayeandika habari za mafanikio ya idara angepaswa kuwa na visa hivi viwili kichwani kabla hajaandika jina la kwanza.

Kwa hiyo usitegemee fomu. Fomu ya kuripoti mafanikio hujazwa vizuri na watu waliozoea kujitaja, na hao ndio ambao majina yao yalikuwamo mwaka jana na mwaka juzi. Wengine huandika "sina cha kuripoti" na kuendelea na shughuli zao. Nikiona jibu hilo humfuata mwenyewe ofisini, nikakaa, nikamwuliza: mwaka huu umefanya kazi gani ambayo mtu mwingine ameitumia? Swali hili huzaa majibu ambayo fomu haiyapati, kwa sababu halimlazimishi mtu kujisifu. Anasimulia tu alichofanya.

Kuna mwalimu wa mbinu za utafiti aliyekuwa akijibu hivyo kila mara. Nilipokaa naye alifungua kabati akatoa rundo la madodoso ya wanafunzi wa mwaka wa pili, kila moja limejaa wino wake pembeni. Kwenye moja mwanafunzi alikuwa ameuliza, "Je, unakubali kwamba huduma hapa ni mbaya?" Mwalimu alikuwa ameandika pembeni: "Umeshamjibia." Katika rasimu iliyofuata swali lilikuwa, "Mara ya mwisho ulipokuja hapa, ilikuwaje?" Wanafunzi waliopita mikononi mwake ndio wahadhiri wengine waliokuwa wakiwagombania kuwa wasaidizi wa utafiti, na data walizorudi nazo kutoka uwandani zilikuwa za kuaminika. Hakuna tuzo inayotolewa kwa kazi ya namna hiyo. Tuliiandika hata hivyo, kwa urefu uleule tulioutumia kuandika ruzuku ya profesa.

Idara isiyowaandika watu wake inaweza kulazimika kuwarudia wakiwa hawapo tena. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, kuchunguza maisha ya watu weusi katika Kata ya Saba ya Philadelphia. Alipita nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe, akafikia takriban kaya 2,500, na matokeo yakachapishwa mwaka 1899. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za sosholojia ya mijini kujengwa juu ya data za uwandani. Chuo kilimpa cheo cha chini, hakikumpa darasa la kufundisha, na jina lake halikuingizwa katika kitabu cha orodha ya chuo. Mwaka 2012, karibu nusu karne tangu afariki, chuo hichohicho kilimpa uprofesa wa heshima. Ndani ya utafiti ule mna pia sehemu nzima kuhusu watumishi wa majumbani iliyoandikwa na Isabel Eaton, jina ambalo hata wanaompenda Du Bois mara nyingi hulipita bila kulitaja.

Upo mfano mzuri zaidi wa namna ya kumtaja mtu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alipotoa utafiti wake kuhusu kujiua mwaka 1897, alisema waziwazi katika dibaji kwamba faili za watu wapatao 26,000 zilipaswa kuchambuliwa ili kutenganisha umri, jinsia, hali ya ndoa na kama marehemu alikuwa na watoto au la, na kwamba kazi hiyo nzito ilifanywa na Marcel Mauss peke yake. Mauss alikuwa mpwa wake na bado alikuwa kijana. Durkheim hakuandika "shukrani kwa wote waliosaidia". Alimtaja mtu, akataja alichofanya, akataja kiasi. Nawaomba mfanye hivyo hivyo. Mhadhiri akiwaletea habari ya makala mpya, mwulizeni nani alikusanya data, nani alitafsiri mahojiano, nani alikaa na kompyuta hadi usiku akiyanukuu kutoka kwenye sauti. Wakati mwingine utaona anasita kidogo, kisha anataja majina manne ambayo hayamo kwenye makala. Yaandikeni.

Kuhusu uandishi wenyewe, kazi itangulie na tuzo ifuate. "Amepata tuzo ya tasnifu bora" ni sentensi isiyomwambia msomaji lolote juu ya sosholojia. Afadhali: "Alikaa na walinzi wa usiku kwa miezi kadhaa, akaonyesha kwamba zamu zao hugawanywa kwa kujuana kuliko kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, tasnifu yake ndiyo iliyoshinda tuzo ya kitivo." Msomaji sasa anajua swali lilikuwa nini, jibu lilikuwa nini, na kwa nini mtu alipewa tuzo. Mzazi anaelewa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiuliza kama alikosea kuchagua fani hii anaelewa pia. Vyeo na majina marefu ya kamati yanaweza kukaa mwishoni au yasikae kabisa.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza ndio wanaoonewa zaidi katika orodha hizi. Jina la mwanafunzi huingia akipata alama za juu kuliko wote, basi. Lakini alama ni kipimo cha mtihani, na idara ya sosholojia ina vitu vingine vya kuonyesha: hojaji iliyokubalika kutumika nje ya darasa, ripoti ya darasa iliyosomwa na watu waliotafitiwa, mjadala ulioandaliwa na wanafunzi wenyewe. Upo mfano kutoka ngazi ya juu zaidi: mwaka 1991 mwanasosholojia Michael Burawoy na wanafunzi wake wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa kitabu kilichotokana na semina ya uchunguzi shirikishi, yaani kuchunguza watu ukiwa umejiunga na shughuli zao. Sura nyingi ziliandikwa na wanafunzi, kila mmoja juu ya mahali alipofanyia utafiti wake, na majina yao yakawekwa kama waandishi. Kazi zilizoanza kama za semina zikawa kitabu cha kufundishia wengine. Si lazima kila darasa litoe kitabu, ila mwulizeni kila mwalimu wa semina kama kuna kazi inayostahili kusomwa na mtu wa nje. Karibu kila mara ipo moja, na mwenyewe hajui kwamba inastahili.

Msifunge hesabu mwisho wa mwaka pia. Kazi nzuri huchelewa. Mark Granovetter, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard, aliandika makala kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu, na mwaka 1969 jarida moja kubwa la sosholojia likaikataa. Ilitoka mwaka 1973 katika jarida jingine, nayo ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa zaidi katika sayansi za jamii. Kwa orodha ya mafanikio ya mwaka 1969 angeonekana hana kitu. Kwa sababu hiyo huwa naacha nafasi ya kazi za miaka ya nyuma zilizoanza kutumika sasa, hata kama mwandishi wake ameshahitimu na kuondoka.

Makala hiyohiyo inatufaa tukifika kwa wahitimu. Granovetter aliwauliza watu wa kitongoji kimoja cha Boston, wenye kazi za kitaaluma, za kiufundi na za uongozi, walipataje kazi waliyoingia karibuni. Kwa waliopata kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Rafiki wa karibu anajua mengi ya yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali ana habari za kule usikofika. Mhitimu wa miaka kumi iliyopita na mwanafunzi anayemaliza mwaka huu ni watu wa mbali wa aina hiyo hasa. Ukiandika habari ya mhitimu, basi, andika anafanya nini kila siku, alianzaje, na yuko tayari kuulizwa nini. Habari ya namna hiyo huwasaidia wanafunzi kuliko picha ya mtu aliyevaa suti.

Wahitimu maarufu nao wana nafasi yao, sitaki nionekane nawabeza. Martin Luther King Jr. alihitimu shahada ya kwanza ya sosholojia katika Chuo cha Morehouse mwaka 1948. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, alipata shahada ya uzamivu ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960, akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse kabla ya kuhamia kabisa katika harakati za ukombozi wa Msumbiji, akauawa kwa bomu jijini Dar es Salaam mwaka 1969. Kofi Busia alikuwa profesa wa sosholojia kabla ya kuwa waziri mkuu wa Ghana mwaka 1969. Fernando Henrique Cardoso aliwahi kuwa rais wa Chama cha Kimataifa cha Sosholojia, kisha akawa rais wa Brazili kuanzia 1995 hadi mwanzoni mwa 2003. Kijana akisoma majina haya anainua kichwa, na ni haki yake. Ila orodha ikiishia hapo, tunamfundisha kwamba sosholojia ni ngazi ya kufikia ikulu, na kwamba asiyefika hakufanya kitu.

Mhitimu ambaye simulizi yake niliifurahia kuliko zote anafanya kazi ya kumbukumbu katika kituo cha afya. Nilimpigia simu kwa sababu jina lake lilikuwa limekaa kwenye daftari letu la wahitimu miaka mingi bila neno mbele yake. Akaniambia hana jipya, "ni kazi tu". Nikamwuliza kazi yenyewe ikoje. Akaeleza kwamba alipoanza, wagonjwa wasiorudi kwenye miadi waliandikwa "mtoro" kwenye rejista, kisha basi. Neno lile lilimkera. Akaanza kuwapigia mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari la pembeni sababu wanazozitoa kwa maneno yao wenyewe. Wengi wao walikuwa watu wa zamu za asubuhi, na kliniki ilifungwa mchana. Alipeleka daftari lile kwa mkuu wa kituo, siku moja ya kliniki ikasogezwa hadi jioni, na safu ya "mtoro" ikabadilishwa kuwa "sababu ya kutofika". Nikamwuliza alijifunza wapi kufanya vile. Akajibu, "Si mlitufundisha kwamba tusimpe mtu jina kabla hatujamsikiliza?" Huyu hakuwa na tuzo, hakuwa na cheo kipya, na fomu yetu ingemtaka achague kimoja kati ya hivyo. Niliiandika habari yake katika ukurasa wa kwanza baada ya yeye kukubali.

Kukubali huko ni lazima, hata pale unapodhani hakuna ubaya. Wahitimu wana waajiri, na sifa unayoitoa kwa nia njema inaweza kusomwa kazini kwake kama siri zilizotolewa nje. Mwambie utaandika nini, mpelekee maneno yenyewe, mwachie akate anachotaka. Na wale waliotafitiwa ndio wa kuangaliwa zaidi. Habari ya mafanikio hupenda picha: mtafiti ameketi na watu wa kijiji, wote wanatabasamu. Kama tasnifu iliwaahidi usiri, picha ile inaivunja ahadi. Mwaka 1958 Arthur Vidich na Joseph Bensman walichapisha utafiti kuhusu mji mdogo wa jimbo la New York wakiupa jina la bandia. Wakazi walijitambua mara moja. Katika gwaride la sikukuu ya Julai 4 walipita na sanamu ya Vidich juu ya mashine ya kutawanya samadi. Kwa wanataaluma ile ilikuwa kazi yenye sifa, lakini wenyeji waliiona kama usaliti. Ninapoandika juu ya utafiti wa mwanafunzi huwa namwuliza msimamizi wake kama jina la eneo linaruhusiwa kutajwa, na akisitasita naliondoa.

Ya uhakiki ni mafupi. Makala iliyowasilishwa haijakubaliwa, na iliyokubaliwa haijachapishwa, kwa hiyo tumieni neno sahihi kwa kila hatua. Jarida linaloomba fedha na kujibu ndani ya siku chache bila mapitio ya maana lisiingie, hata mwandishi wake akiwa mkubwa wenu. Tuzo ambayo mshindi anatakiwa alipie hafla ndipo akabidhiwe ngao isiingie pia. Hapo ndipo utakapohitaji mkuu wa idara anayekuunga mkono, maana kumwambia profesa kwamba tuzo yake haimo ni jambo gumu kwa mhadhiri mdogo. Nashauri kanuni ipitishwe kwenye kikao cha idara mapema, ikiwa haijamgusa mtu yeyote, ili siku ikija uisome tu kwenye karatasi.

Kwa wanafunzi na wahitimu mnaosoma hapa: msingoje kuulizwa. Wekeni kumbukumbu fupi ya kazi mliyofanya, tarehe, nani mlishirikiana naye, na nani aliitumia. Mkiwa wasaidizi wa utafiti, ulizeni kabla ya kwenda uwandani kama majina yenu yatatajwa na yatatajwa kama nani. Si utovu wa adabu, na mwalimu mwema hatakasirika. Mengi ya malalamiko yanayonifikia kuhusu majina yaliyoachwa yangemalizika kwa mazungumzo hayo ya mwanzo.

Na wewe uliyepewa kazi ya kukusanya, peleka rasimu kwa kila aliyetajwa kabla haijatoka, wakiwemo wasaidizi na wanukuzi, na uwape muda wa kutosha kujibu. Fungua faili moja la idara, si la barua pepe yako binafsi, uweke humo ulichokusanya pamoja na uthibitisho wake na jina la aliyekupa habari. Weka pia orodha ya watu uliowatafuta usiwapate. Atakayekuja baada yako aanzie na hao.